Hotuba ya Kuzindua Ndege Iliyofunikwa Turubai

Hotuba hii imenakiliwa neno kwa neno na mimi, katibu muhtasi wa kitengo, ndani ya karakana ya kiwanja chetu kidogo cha ndege. Maneno ya mkurugenzi ni ya mkurugenzi mwenyewe. Yaliyo kwenye mabano ni yale niliyoyaona na kuyasikia nikiwa mezani kwangu, hatua tatu kutoka kwenye kipaza sauti.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa wingi wa majukumu umeshindwa kufika ukamtuma mwakilishi wako. Mheshimiwa Mwakilishi, ambaye kwa wingi wa majukumu hayohayo nawe umeshindwa kufika ukatuma barua. Wewe Barua ya Mheshimiwa Mwakilishi, uliyefika mapema kuliko sisi sote na kuketi kwenye kiti chenye kitambaa cheupe. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Maandalizi. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Kuifuatilia Kamati ya Maandalizi, ambao kwa sehemu kubwa ni walewale. Mafundi wa karakana hii, mliokuja na grisi mikononi ijapokuwa mwaliko ulisema wazi kwamba mnawe. Mama rubani mstaafu, uliyerusha ndege za propela miaka thelathini na mmoja na sasa unafuga kuku nyuma ya geti letu. Mabibi na mabwana, wakubwa kwa wadogo, mliokaa na mliosimama. Na kwa namna ya pekee kabisa mama yangu mzazi, uliyeketi hapa mbele na mkoba wako mapajani na sweta la dada yako juu ya mkoba: itifaki yote imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa, naelekeza ihesabike kwamba imezingatiwa.

(Makofi. Mama yake alitaka kusimama apunge mkono. Magoti yalikataa, akapunga akiwa amekaa.)

Ndugu zangu, nasimama mbele yenu nikiwa na furaha isiyo na kifani, nikiwa pia na kurasa kumi na nne, na napenda kutumia fursa hii, kwa fursa hii niliyopewa, kuipongeza fursa yenyewe.

(Guno lilipotajwa idadi ya kurasa.)

Nyuma yangu hapa, kama mnavyojionea wenyewe kwa macho yenu, kuna kitu kikubwa kilichofunikwa turubai la bluu. Kina urefu wa hatua kumi na saba, nimezipiga mwenyewe. Kina bawa la kushoto na bawa la kulia. Kina mkia. Mbele kina pua, na kwenye pua kuna kitu cha duara ambacho kwa sababu za kiutaratibu sitakitaja mpaka utepe utakapokatwa. Lakini niwaulize tu, ndugu zangu, kitu chenye mabawa mawili, mkia na pua, kilichoegeshwa ndani ya karakana ya ndege, kinaweza kuwa nini?

(Sauti kutoka nyuma: "Kuku!" Kicheko. Mama rubani mstaafu alicheka kuliko wote.)

Tuwe makini. Huu ni Mradi wa Kuoanisha Kasi ya Propela na Mwendo wa Ndege za Tabopropu katika Miinuko Mbalimbali, na kwa faida ya mwananchi wa kawaida nifafanue kwamba ndege ya tabopropu ni ile ambayo ndani ina injini ya ukoo mmoja na ile ya jeti, na nje, mbele yake, ina panga la kuzunguka, yaani propela. Sasa wataalamu wote wenye dira, na mimi nikiwa miongoni mwao, tumekuwa tukijiuliza: propela ikizungushwa kwa kasi zaidi, je, ndege nayo inakwenda mbio zaidi? Na kama jibu ni ndiyo hapa chini, linabaki kuwa ndiyo kule juu, au likifika mawinguni linabadilisha msimamo? Swali hilo, waheshimiwa, limeninyima usingizi miaka mitatu, na mke wangu ni shahidi, ijapokuwa leo ameomba udhuru.

Na kwa nini tulijiuliza? Kwa sababu ya mlima ule. Mlima ule mnauona kupitia mlango wa karakana, umekaa kama mtu aliyenuna. Kwenda ng'ambo yake kwa basi ni siku mbili, kwa sababu barabara inauzunguka mlima mzima, inashuka bondeni, inapanda, inashuka tena, halafu kuna daraja ambalo abiria wote hushuka na kuvuka kwa miguu. Kwa ndege ni dakika arobaini. Ng'ambo hiyo ndiko anakoishi mama yangu mkubwa, dada wa pekee wa mama yangu, na hawa ndugu wawili, ndugu wa tumbo moja, hawajatiana machoni kwa miaka tisa sasa. Miaka mitatu iliyopita mama alikuwa amekwisha kufunga mkoba apande basi. Nikamzuia mlangoni. Nikamwambia, tena mbele ya majirani: "Mama, usihangaike na basi. Mimi mwanao naleta ndege, na wewe utakaa kiti namba moja, dirishani!"

(Makofi makubwa. Mama yake aliwageukia waliokaa nyuma yake, akasema: "Alisema hivyo hivyo, kweli.")

Na leo, mama, siku imefika. Yaani kwa maana pana ya neno kufika.

(Hapa waliingia watu wengine wapatao thelathini, walimu wa shule ya jirani na wafanyakazi wa posta. Viti vilikuwa vimekwisha. Mzee tarishi wa kitengo chetu aliangalia huku, akaangalia kule, akainua pindo la turubai, akaingia chini yake na kutoka na benchi refu. Bawa la kushoto likalala.)

Tarishi. Mzee wangu. Nakuomba sana. Hilo ni eneo la kiusalama.

(Tarishi: "Bosi, sasa hawa walimu wasimame?")

Hapana, wasisimame, walimu ni stekihoda wetu muhimu, yaani wadau, wakae. Ndugu wananchi, msiwe na hofu na hilo mnaloliona. Ndege za kisasa zina mabawa ya kukunjwa, na hapo mmeshuhudia bawa likikunjwa mbele yenu, bila kelele wala moshi.

(Makofi ya watu wasiojua kama wapige. Walimu walikaa kwenye bawa.)

Nije kwenye takwimu, maana mimi si mtu wa maneno matupu. Utafiti wetu ulipitia mikutano arobaini na saba, semina elekezi sita, wekshopu mbili za kuzielewa semina hizo, na ziara moja ya mafunzo ambayo nilikwenda mimi. Tulitumia mtambo maalumu wa majaribio ambao sitauelezea kwa kina, ila niseme tu kwamba una mapanga matatu, una wavu wa usalama kwa mbele, una vitufe vitano vya kasi kuanzia moja hadi tano, na una shingo yenye uwezo wa kugeuka kulia na kushoto kwa kutazama hadhira nzima.

(Mama yake: "Mbona kama feni yangu?")

Mama, maswali mwishoni. Mtambo huo tuliujaribu katika miinuko mitatu tofauti, kama jina la mradi linavyotaka. Mwinuko wa chini, mwinuko wa kati na mwinuko wa juu. Yaani sakafu ya chini ya ofisi zetu, ghorofa ya pili, na paa.

(Mama rubani mstaafu alifunika uso kwa mikono miwili.)

Mwendo tuliupima kwa kutumia karatasi, ambazo kwa bahati nzuri kitengo chetu kina hazina kubwa nazo. Katika mwinuko wa chini, kwa kasi namba moja, karatasi ilisogea vidole vitatu. Kwa kasi namba tatu ilifika mlangoni. Kwa kasi namba tano, fomu ya likizo ya katibu wangu muhtasi ilitoka dirishani, ikavuka uzio, na mpaka leo haijaonekana.

(Ni kweli. Na likizo sijaenda.)

Ghorofa ya pili matokeo yalikuwa yaleyale, isipokuwa karatasi zilikwenda mbali zaidi kwa sababu zilikuwa na mahali pa kuangukia. Lakini kule juu ya paa, ndugu zangu, ndipo sayansi ilipotuacha midomo wazi. Tulibonyeza namba moja, propela haikuzunguka. Tukabonyeza namba tatu, kimya. Tukabonyeza namba tano, mimi mwenyewe, kwa kidole hiki, na propela ikaendelea kututazama! Tukashauriana palepale juu ya bati, tukahitimisha kwa kauli moja kwamba kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo propela inavyopoteza kasi, na akifika juu kabisa inaipoteza kwa asilimia mia moja. Ugunduzi huo tumeuandikia ripoti ya kurasa mia mbili na tisini, yenye grafu za rangi.

(Fundi umeme alisimama: "Waya haukufika! Nilisema siku ileile! Waya wa kurefushia uliishia kwenye ngazi!" Kicheko kirefu. Mwalimu mmoja aliteleza kutoka kwenye bawa.)

Fundi, fidibeki yako imepokelewa na itafanyiwa kazi katika kikao kijacho. Tuendelee na ukurasa wa saba.

(Mama rubani mstaafu alinyoosha mkono: "Mkurugenzi, baba, naomba dakika moja tu.")

Mama rubani, ratiba haina nafasi ya—

(Watu wote: "Aseme! Aseme!" Mama rubani akasimama. Alisema hivi: "Jamani, jambo lenyewe si gumu. Chini hewa ni nzito, injini ina nguvu ya kutosha na kubaki. Kinachokubana pale ni giaboksi inayoipelekea propela nguvu, usiisokote kupita kipimo chake. Nguvu inayofika kwenye propela ni ule msokoto mara mizunguko. Msokoto ukishafika mwisho wa ruhusa, ukipunguza mizunguko umepunguza nguvu, na spidi utaiona inashuka. Sasa panda juu. Hewa nyepesi, na kinachoibana injini ni joto lake yenyewe. Huko ukirudisha mizunguko nyuma kidogo, mapanga yanajigeuza yanauma hewa zaidi, nguvu inabaki karibu ileile, spidi hupotezi sana, na abiria wanaweza kusikilizana. Ndege yangu ya mwisho nilikuwa napaa nayo kwa mizunguko elfu moja na mia saba kwa dakika, nikishatulia juu naishusha mpaka elfu moja na mia tano. Kwa hiyo swali lako, baba, lina majibu mawili, moja la chini na moja la juu. Na namba kamili zipo kwenye kitabu kinachokuja na ndege. Ndege iko wapi?")

(Makofi, makubwa kuliko yote ya siku hiyo.)

Nayapokea makofi hayo kwa niaba ya mradi. Kama mlivyosikia wenyewe, mtaalamu wetu wa kujitegemea amethibitisha kwamba jambo hili lina majibu mawili, na sisi katika ripoti yetu tulikuwa na moja, kwa hiyo kwa hesabu ya haraka tulikuwa tumekwisha kufikia asilimia hamsini ya utekelezaji. Mama rubani, tafadhali kaa.

(Mama rubani hakuwa na pa kukaa, karani wa posta alikuwa amekalia kiti chake. Tarishi aliinua pindo la turubai upande wa pili. Bawa la kulia likalala. Mama rubani akakaa.)

Na bawa la pili, kama mnavyoona, limekunjwa. Ndege sasa iko katika hali ya mapumziko. Naomba mtu yeyote asiisogelee.

(Msafara wa wafanyabiashara wa sokoni ukaingia na kuuliza kama shughuli imeanza. Tarishi akatazama juu kwa huzuni, akaingia tena chini ya turubai. Kuanzia hapa alitoa viti vinne vinne, akianzia tumboni.)

Niseme machache kuhusu mimi, kwa sababu watu huwa wananisema bila kunijua. Mimi silali. Nikilala, nalala nafikiri. Wako wanaoniambia, "Mkurugenzi, pumzika kidogo." Nami huwajibu, propela inapumzika?

(Sauti: "Ile ya paani inapumzika!")

Na katika awamu ya pili ya mradi, ambayo itaanza mara tu awamu ya kwanza itakapojulikana ni ipi, kila ghorofa ya jengo letu itapatiwa propela yake. Katika awamu ya tatu tutaongeza ghorofa. Ifikapo mwisho wa awamu ya nne, asilimia mia moja na kumi na nane ya wananchi wa eneo hili watakuwa wamepanda ndege, yaani wote, na wengine mara mbili. Bibi zetu watakwenda ng'ambo ya mlima asubuhi na kurudi jioni. Wagonjwa watafika hospitalini kabla ya kumaliza kuelezea wanaumwa wapi. Mwalimu atakayehamishiwa kule hatatoa udhuru tena kwamba barabara mbaya. Tutakuwa na uwanja wenye taa, taa zenye nguzo, na nguzo zenye majina ya watu waliojitolea, ambayo sitayataja ila nitasema kwamba la kwanza linaanza na cheo changu.

(Makofi. Tarishi alikuwa amefika shingoni kwa ndege. Turubai lilianza kuserereka lenyewe.)

Sasa tusimame sote kwa ajili ya kaulimbiu ya mradi. Aliye na kiti asiache kiti chake, kitachukuliwa. Nikisema "Propela!" nyinyi mnasema "Izunguke!" Nikisema "Mwinuko!" mnasema "Tupande!" Nikisema "Mwendo!" mnasema "Mbele daima!" Tayari? Propela!

("Izunguke!")

Mwinuko!

("Tupande!")

Siwasikii! Mwendo!

("Mbele daima!" Kwa kishindo hicho, turubai likaanguka lote. Pale palipokuwa na ndege palikuwa na sakafu ya saruji, na mbele kabisa, kwenye pua, feni ya kusimama yenye wavu mweupe uliofungwa kamba upande mmoja. Fundi umeme, ambaye ni mtu wa vitendo, akaichukua plagi yake na kuichomeka ukutani. Feni ikazunguka. Shingo ikageuka kulia, ikageuka kushoto. Kulikuwa na joto kali humo ndani, na watu wa mbele wakaanza kufungua vifungo vya makoti. Mtu mmoja akasema: "Eh, hapo sawa." Kicheko kikawashinda hata wale wa kamati.)

Ndugu wananchi. Ndugu wananchi, tulieni. Hiyo mnayoiona ni sehemu tu. Sehemu nyingine za ndege ziko, ziko katika, ziko katika hali ya kutawanywa kwa wadau.

(Mkurugenzi alikuwa anatoka jasho mbele ya feni. Mama yake alisema, bila kupaza sauti, lakini karakana ile inabeba sauti: "Mwanangu, hiyo ni feni yangu. Ulikuja kuichukua ukasema inakwenda kutengenezwa.")

Mama, feni yako imetoa mchango mkubwa katika—

(Mama yake: "Na hiki kiti nimekikalia tangu saa tatu asubuhi. Tarishi alikitoa mkiani, nikimwona. Nikamwambia asante.")

Kumbe ulijua.

(Mama yake: "Nilijua tangu mwaka jana. Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe. Sikulaumu kwa ndege, mwanangu, ndege ni kitu kikubwa, mtu anaweza kuikosa. Ila mwaka ule uliponizuia mlangoni magoti yangu yalikuwa mazima. Ungeniambia tu, mama, ndege hakuna, ningepanda basi siku ileile, nikaenda nikarudi, na mwaka uliofuata nikaenda tena. Nimekaa miaka miwili dirishani nasikiliza kama kuna kitu kinanguruma juu. Hili sweta nimelifuma na kulifumua mara nne. Dada yangu sasa hivi macho yamepungua, hata rangi yake hataiona.")

(Mkurugenzi alifunua ukurasa, akafunua mwingine, kisha akaziweka karatasi zote juu ya meza yangu. Feni ilipogeukia upande wetu ilizipeperusha. Hakuziokota.)

Kwenye ratiba sasa ni shukrani.

Naanza na kampuni iliyotuletea ndege. Hapana. Hakuna kampuni. Hakuna aliyetuletea ndege kwa sababu hakuna aliyeombwa. Ombi la ndege ni fomu moja, ya ukurasa mmoja, mbele na nyuma, na iko kwenye droo ya meza yangu, ya pili kutoka juu. Nilianza kuijaza wiki ileile niliyomzuia mama. Nikajaza jina, nikajaza cheo, cheo nilikijaza mara mbili. Nikafika kwenye kisanduku kinachosema: "Taja mwendo wa ndege unaotarajiwa kwa kila kasi ya propela na kila mwinuko." Sikujua. Na mimi, ndugu zangu, ni mkurugenzi, sikuweza kuacha kisanduku kitupu, wala sikuweza kuonekana nikimuuliza mtu. Ndipo nikaunda kamati.

(Mama rubani: "Baba, mimi nipo hapo nyuma ya geti. Kila siku unanisalimia.")

Nakusalimia, ndiyo. Nanunua na mayai. Nakushukuru, mama rubani, kwa jibu ulilolitoa leo kwa dakika moja, ambalo ningelipata miaka mitatu iliyopita pamoja na trei ya mayai. Nawashukuru wajumbe wa kamati zote, mlioketi mikutano arobaini na saba na hamkuniuliza hata mara moja ndege iko wapi. Na siwalaumu, mimi pia ndivyo ningefanya. Nakushukuru wewe, fundi umeme, uliyesema waya haukufika. Nakushukuru, mzee tarishi. Jana ulipanga viti hivi mpaka jioni vikawa ndege, na leo umevigawa mpaka vikawa viti, na kazi ya leo umeifanya vizuri zaidi. Naishukuru Barua, kwa uvumilivu.

Katibu, andika vizuri hapa. Huu mradi haupo. Haujawahi kuwapo hata siku moja. Kilichokuwapo ni feni ya mama yangu, na mimi.

(Nimeandika.)

Na ile fomu, katibu, itoe kwenye droo. Mama rubani akuambie cha kujaza, uandike kama anavyosema, chini hivi na juu hivi, usiongeze neno "mkakati" mahali popote. Itume leo. Kama watatukatalia, watukatalie tukiwa tumeomba. Na ujaze na fomu yako ya likizo, nitaisaini hapahapa.

(Makofi. Mengine ni yangu.)

(Kutoka nje, upande wa stendi, honi ya basi ililia mara mbili. Mama yake mkurugenzi aliweka mkono kwenye bega la mwalimu aliye jirani, akainuka polepole, akalipanga sweta juu ya mkoba. "Hilo ni langu," akasema. "Linaondoka saa nane. Nilikuja kukuaga.")

Mama, subiri. Kaa kidogo. Siku mbili kwa basi, na magoti hayo, na lile daraja la kushuka na kuvuka kwa miguu, nani atakushika mkono?

(Mama yake: "Watu wapo. Kwenye basi huwa hakukosekani mtu.")

Waheshimiwa, mabibi na mabwana, ukurasa wa kumi na nne ulikuwa na kaulimbiu nyingine na shairi. Naomba mnisamehe, sitausoma. Mkimaliza kukaa, mzee tarishi atavirudisha viti stoo, na turubai likunjwe, lisifunike kitu tena. Feni rudisheni nyumbani kwa mama.

(Mama yake: "Feni waachie. Wana joto hawa, na mimi ninakokwenda kuna baridi.")

Feni imebaki. Asanteni sana kwa kunisikiliza. Mama, nipe huo mkoba.

(Mama yake: "Unanisindikiza mpaka stendi?")

Mpaka kwa mama mkubwa.

(Alishuka jukwaani bila kuzima kipaza sauti, ndiyo maana yaliyofuata tuliyasikia wote. Mama yake alikuwa amekwisha kufungua mfuko wa pembeni wa mkoba na kutoa tiketi. "Haya, twende basi, litatuacha," alisema. "Nilikata mbili.")